Ajali si ajal: kuzisoma aya za msiba bila kuikimbia dhamana

Neno ajali limetupotosha kuliko tunavyodhani. Kwa Kiarabu ajal ni muda uliowekwa: siku ya kulipa deni, siku ya roho kutoka. Kiswahili kilipolichukua kikalipa kazi nyingine, ya gari lililopinduka na ukuta ulioporomoka, lakini maana ya zamani ikabaki inanong'ona ndani yake. Ndiyo maana anayesema “ajali haina kinga” hujiona kama amesoma aya. Ajal kweli haina kinga. Suratul-Aaraf, aya ya 34, inasema muda wao ukifika hawataukawiza hata saa moja wala hawatautanguliza. Breki zilizokwisha zina kinga, na kinga yake ni fundi.

Yapo maneno mengine matatu yaliyobadilika sura njiani, na kila moja lina aya inayosomwa vibaya kwa sababu hiyo. Msiba kwetu ni kifo na matanga. Kwa Kiarabu musiba hutokana na kitenzi cha mshale kupiga shabaha; ni chochote kinachompata mtu. Hadithi, yaani kauli ya Mtume iliyopokewa, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wakusanyaji wawili wa hadithi, inataja uchovu, maradhi, huzuni, udhia, mpaka mwiba unaomchoma Muislamu, na kwamba Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Sasa mtu akimsomea mfiwa aya ya 30 ya Suratush-Shura, “msiba wowote unaokupateni ni kwa sababu ya iliyoyachuma mikono yenu, naye husamehe mengi”, sikio la Kiswahili husikia: mwanao amekufa kwa dhambi zako. Aya haikusema hivyo. Inazungumzia mapigo ya maisha kwa jumla, inawasemesha watu wazima wanaohesabiwa matendo yao, na inafunga kwa msamaha. Wafasiri waliliona hili mapema: watoto wachanga huugua, na Manabii ndio wenye mitihani mizito kuliko watu wote, kama Mtume (s.a.w.) alivyomjibu sahaba wake Saad bin Abi Waqqas alipomuuliza. Hao hawana dhambi za kulipia.

Balaa nalo. Kwetu ni maafa tu; kwa Kiarabu ni kujaribiwa, kwa baya na kwa zuri. Suratul-Anbiyaa, aya ya 35: “tunakujaribuni kwa shari na kheri.” Afya ni balaa, mali ni balaa, kwa maana hiyo. Na fitina, ambayo kwetu ni kazi ya mchonganishi, asili yake ni kuiyeyusha dhahabu motoni ili taka zijitenge. Anayesoma “jikingeni na fitina ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao” (al-Anfal 25) akadhani inakataza umbea amekosa nusu ya somo: aya inasema moto ukiwaka hauchagui nyumba.

Maneno yakishakaa sawa ndipo swali lenyewe linapojitokeza. Msiba umetoka kwa Mungu, au umetoka kwetu?

Aya mbili zinazofuatana

Qurani imelijibu swali hili mahali pengi, lakini pahali pamoja imelijibu mara mbili mfululizo, na ningependa kila anayepanda mimbari baada ya maafa azisome aya hizo mbili kwanza.

Ni Shawwal, mwaka wa 3 Hijria, chini ya mlima wa Uhud. Waislamu ni kama 700 baada ya Abdallah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, kurudi na watu wake kama 300. Makuraishi ni kama 3,000. Mtume (s.a.w.) anawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo nyuma ya jeshi, chini ya Abdallah bin Jubayr, na amri yao haina pengo: hata mkituona tunanyakuliwa na ndege, msiondoke hapa mpaka niwaletee mtu. Makuraishi wanashindwa, wanakimbia, ngawira zinaonekana. Wapiga mishale wengi wanateremka. Khalid bin Walid, wakati huo yuko upande wa pili, anaona mgongo uko wazi, anazunguka na farasi wake. Jioni Waislamu wana maiti kama 70, Hamza, ami yake Mtume, akiwa mmoja wao.

Waliobaki wakauliza: umetoka wapi huu? Aali Imran, aya ya 165, inawajibu kwamba uliwapata msiba ambao ninyi wenyewe mlikwisha kuwatia wenzenu mara mbili ya huo, yaani vita vilivyotangulia vya Badr, ambako Makuraishi 70 waliuawa na 70 wakatekwa. Kisha: “Sema: huo umetoka kwenu wenyewe.” Aya ya 166 haikusubiri: “Na yaliyokupateni siku yalipokutana majeshi mawili yalikuwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.”

Tazama viunganishi. Ya kwanza ni min indi anfusikum, kutoka kwenu, inataja chanzo. Ya pili ni bi-idhni-llah, kwa idhini, inataja ruhusa. Hazigombani kwa sababu hazijibu swali moja. Tena idhini si ridhaa. Wanazuoni hutenganisha kutaka kwa kuumba na kutaka kwa sharia: Mungu aliacha jambo litokee katika ulimwengu wake, na papo hapo sharia yake ilikuwa inalikataza. Wapiga mishale waliteremka kwa idhini ya kwanza na kinyume cha ile ya pili.

Makundi mawili ya mwanzo yaligawana Uhud kama watu wanaogawana shuka moja. Jabriyya walishika 166 wakaitupa 165: mtu ni unyoya unaopeperushwa na upepo. Qadariyya, na baada yao Muutazila, walishika 165 wakailegeza 166: mtu huumba matendo yake mwenyewe. Maashari, madhehebu ya itikadi ya Kisunni, walikuja na neno kasb, kuchuma: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, na kwa kuchuma huko ndiko anakoulizwa. Neno lenyewe limo ndani ya aya za misiba, “iliyoyachuma mikono yenu”. Unaweza kubishana nao juu ya namna kuchuma kunavyofanya kazi, na watu wamebishana kwa karne nyingi, lakini hakuna Sunni aliyeruhusu nusu moja ya Uhud ifute nyingine.

Kuna kitu kingine katika sura hiyo ambacho hukosekana katika hotuba nyingi, nacho ni mpangilio. Faraja imetangulia: aya ya 139 na 140, msilegee wala msihuzunike, mkipata jeraha basi na wenzenu walipata jeraha kama hilo. Ukaguzi unakuja kwenye 152, na ni ukaguzi mkali, vitenzi vitatu mfululizo: mlilegea, mkazozana juu ya amri, mkaasi. Lakini aya hiyohiyo ya ukaguzi haikuisha bila “naye amekwisha kusameheni”, na msamaha unarudiwa kwenye 155. Ndipo, aya kumi baadaye, linapotamkwa neno zito la kwamba umetoka kwenu. Anayeanzia 165 mbele ya watu ambao maiti zao hazijazikwa ameisoma sura kinyumenyume.

Aya za 78 na 79 za Suratun-Nisaa zina mvutano wa namna hiyo, nazo hutumiwa na wanaotaka kuonyesha kwamba Qurani inajipinga. Ya kwanza: “Sema: yote yanatoka kwa Mwenyezi Mungu.” Ya pili: zuri lililokupata limetoka kwa Mungu, na baya lililokupata limetoka kwenye nafsi yako. Fundo linafunguka kwa kitenzi: asabaka, kilichokupata, si ulichotenda. Zuri na baya hapa ni neema na taabu. Ya 78 inawajibu waliokuwa wakimnyooshea Mtume kidole, wakipata taabu wanasema imetoka kwako wewe, kama watu wa Firauni walivyompa Musa mkosi wao. Ya 79 inamfundisha mtu aanze kujikagua mwenyewe.

Umar arudi kutoka Sargh

Kama ningeruhusiwa kisa kimoja tu cha kufundishia kadari, yaani kwamba Mungu amekwisha kuliandika kila jambo, kingekuwa hiki, na kimo kwa Bukhari na Muslim kwa urefu wake.

Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili, alitoka Madina kwenda Sham, eneo la Syria na jirani zake. Alipofika Sargh alikutana na makamanda, Abu Ubayda bin al-Jarrah miongoni mwao, wakamwambia tauni imeingia. Ni tauni ya Amwas, ambayo wengi huiweka mwaka wa 18 Hijria. Umar hakutoa amri papo hapo. Aliita Muhajirina wa mwanzo, Waislamu waliohama kutoka Makka. Wakatofautiana, wengine wakisema umetoka kwa jambo, usirudi, wengine wakisema umebeba mabaki ya masahaba, usiwapeleke kwenye maradhi. Aliita Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, wakatofautiana vilevile. Akaita wazee wa Kikuraishi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hao hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu. Akatangaza kwamba asubuhi atakuwa juu ya kipando chake.

Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar alimpenda Abu Ubayda na hakupenda kumpinga, ndiyo maana jibu lake linaanza kwa kuumia: laiti angelisema mwingine, ewe Abu Ubayda. Kisha: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Waonaje ukiwa na ngamia, wakashuka bondeni, upande mmoja una malisho na mwingine ni mkavu. Ukiwalisha kwenye majani si umewalisha kwa kadari ya Mungu, na ukiwalisha kwenye ukame si umewalisha kwa kadari ya Mungu?

Mfano wa ngamia ni mzuri kwa sababu ya mchungaji. Kadari iko pande zote mbili za bonde, kwa hiyo haiwezi kuwa hoja ya kuchagua upande. Kinachobaki cha kuchagulia ni macho: majani yako wapi? Ngamia wakifa kwa njaa upande mkavu, hakuna mwenye mali atakayekubali kuambiwa “ilikuwa kadari”, maana ng'ambo ya pili nako kulikuwa na kadari, tena yenye majani.

Baada ya hapo ndipo alipotokea Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo kwa haja zake, akasema ana elimu ya jambo hili kutoka kwa Mtume: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikitokea mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu akaondoka. Maana yake uamuzi ulikwisha kufikiwa kwa mashauriano kabla ya hadithi kusikika, na hadithi ikauthibitisha. Sehemu ya pili ya hadithi ndiyo inayosahaulika: anayebaki ndani anabeba dhamana kwa walio nje. Abu Ubayda alibaki na watu wake, akafa kwa tauni ile. Muadh bin Jabal akashika nafasi yake, naye akafa. Imepokewa kwamba Amr bin al-As, aliyewafuata, aliwatawanya watu milimani.

Wote hawa waliiamini kadari sawasawa. Hakuna aliyekuwa nayo nyingi na mwingine chache.

Hoja ya kadari: inafaa wapi, inaharibika wapi

Iko hadithi ya Adam na Musa kujadiliana. Musa anasema: wewe ndiye uliyetutoa Peponi. Adam anajibu: unanilaumu kwa jambo ambalo Mungu aliniandikia miaka 40 kabla hajaniumba? Mtume akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Wavivu huipenda sana hadithi hii. Lakini mwanazuoni Ibn Taymiyya aliisoma kwa makini: Musa hakumlaumu Adam kwa kula mti, dhambi iliyokwisha kutubiwa na kusamehewa, alimlaumu kwa msiba, kutoka Peponi. Na kwa msiba, kadari ni hoja halali. Ndipo ilipotoka kanuni inayokaririwa na wanafunzi: kadari hutolewa hoja katika misiba, haitolewi hoja katika aibu. Mwanafunzi wake, Ibn al-Qayyim, aliongeza kipimo cha wakati: jambo lililopita na kutubiwa, unaweza kusema limeandikwa, jambo ambalo bado unalifanya, huwezi.

Qurani yenyewe inawataja waliolikosea hili, na wote imewaweka upande wa makosa. Katika al-An'am 148 washirikina wanasema: lau Mungu angetaka tusingeshirikisha. Katika Yasin 47 wanaambiwa wawape watu chakula, wanajibu: tumlishe ambaye Mungu angetaka angemlisha mwenyewe? Soma tena jibu hilo. Kila neno ndani yake ni sahihi kiitikadi, Mungu kweli angeweza kumlisha, na bado ni jibu la kikafiri, kwa sababu limetumia sifa ya Mungu kufungia ghala.

Suratul-Fajr, aya ya 15 hadi 18, inakwenda mbali zaidi. Mtu akipewa husema Mola wangu amenitukuza. Akibanwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha. Aya inakata: Kalla, la hasha! Bali ninyi hamumkirimu yatima, wala hamuhimizani kumlisha masikini. Mtu alikuwa anatafsiri hali yake kama ujumbe wa siri kutoka mbinguni, akajibiwa kwa kuelekezwa kwa jirani yake.

Nani amekwambia ni adhabu?

Hapa ndipo panapoharibika zaidi, na haraka zaidi. Mafuriko hayajakauka, mtu amekwisha kutaja kundi lililoyaleta, na kundi hilo daima ni lile alilokuwa akilichukia tangu wiki iliyopita.

Kuna visa viwili vya Mtume (s.a.w.) vinavyotosha kumfunga mdomo. Mwaka wa 10 Hijria alifariki mwanawe Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Ilikuwa tafsiri ya heshima, inampandisha yeye mwenyewe. Aliikataa: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake, mkiona hivyo ombeni na swalini. Ibada ilibaki, uhusiano wa kubuni ukaondolewa. Kisa cha pili: nyumba iliungua usiku Madina na waliokuwamo ndani. Alipoambiwa, kama alivyopokea Abu Musa, alisema: huu moto ni adui yenu, basi mkilala uzimeni. Hakuuliza wenye nyumba walifanya nini wiki ile. Hadithi nyingine inaeleza na sababu: panya huweza kuvuta utambi akaiunguza nyumba juu ya watu wake.

Aisha (r.a.) aliuliza juu ya tauni, na jibu lililomo kwa Bukhari linavunja mazoea ya kutaka kila tukio liwe na jina moja: ilikuwa adhabu ambayo Mungu huipeleka kwa amtakaye, akaifanya rehema kwa waumini, anayebaki mjini mwake akisubiri, akijua halimpati ila aliloandikiwa, ana ujira mfano wa shahidi. Ugonjwa mmoja, mtaa mmoja, na maana yake inatofautiana kwa kila kitanda. Katika mashahidi watano wa hadithi ya Abu Hurayra wamo aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama na aliyeangukiwa na jengo. Yaani walewale ambao wasemaji huwataja kama walioadhibiwa, hadithi imewaweka safu moja na aliyeuawa katika njia ya Mungu.

Wanaopinga huleta watu wa Nuhu, Adi, Thamudi na Lut. Ni kweli, hizo ni adhabu, na Qurani imeziita hivyo. Lakini kila moja ilikuwa na Nabii aliyeonya kabla, na walioamini wakatolewa kabla ya pigo. “Hatukuwa wenye kuadhibu mpaka tupeleke Mtume” (al-Israa 15). Aliyeipa jina la adhabu ni wahyi, ufunuo wa Mungu kwa Mitume. Wahyi umefungwa, na mwenye kutoa jina hilo leo kwa tetemeko fulani na watu fulani anadai kitu ambacho hakidai kwa sauti.

Hii haina maana maafa hayana uhusiano na matendo. Ar-Rum 41 inasema uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Ila tazama: watu, kwa jumla. Haikusema anayeonja ndiye aliyetenda. Zaynab bint Jahsh aliuliza: tutaangamia na miongoni mwetu wamo wema? Akajibiwa: naam, uovu ukikithiri. Picha ya jambo hili ni jahazi la hadithi ya Nuuman bin Bashir. Watu walipiga kura, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji huwapita wa juu, wakaona wanawaudhi. Wakasema tutoboe tundu sehemu yetu. Wakiachwa, wote watazama. Wakizuiwa mikono, wote wataokoka. Nia ya wa chini ilikuwa njema kabisa, na wa juu hawakushika patasi. Maji hayakuuliza.

Dhambi na dhamana ni vitu viwili

Mafakihi, wanazuoni wa sharia, hawakuwa na anasa ya kuishia kwenye itikadi, waliletewa kesi. Na mwenendo wao unafundisha kuliko vitabu vingi vya kadari.

Chukua mauaji ya bahati mbaya, Suratun-Nisaa aya ya 92. Mtu alilenga windo akampiga mtu. Dhambi ya kuua hana, hakukusudia. Kadari, bila shaka, ilikwisha andikwa. Hata hivyo kuna dia, fidia ya uhai, ya ngamia 100, inayobebwa na jamaa wa kiumeni wa muuaji kwa miaka 3, na juu ya muuaji mwenyewe kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Imeandikwa, hana dhambi, na bado inalipwa. Ukiyaelewa haya matatu kukaa pamoja, “kazi ya Mungu haina makosa” itabaki kuwa sifa ya Mungu, haitakuwa tena risiti ya dereva.

Kwa tabibu, hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, mkusanyaji mwingine wa hadithi: anayejitia utabibu na hajulikani kuwa na utabibu, huyo ni mdhamini, analipa. Kwa mwenye kulala, hadithi nyingine kwake: anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi, dhima imemtoka, yaani ulinzi aliokuwa nao umeondoka. Ukuta unaoegemea barabarani una mlango wake mzima. Kwa Mashafii, mojawapo ya madhehebu ya sharia, kama alivyoweka mwanazuoni wao Nawawi, aliyeujenga ukiwa umeinamia njia analipa ukiangukia mtu. Aliyeujenga wima ukainama wenyewe kisha ukaanguka, kauli yenye nguvu haimlipishi, na iko kauli ya kwamba analipa kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza. Mahanafi, madhehebu mengine, wanauliza: je, alionywa na ukapita muda ambao angeweza kuubomoa? Basi analipa. Binafsi naona swali hilo la Mahanafi ndilo linalofaa kuulizwa kwanza kwenye kifusi chochote.

Upande wa pili wa mizani nao walikuwa nao: pigo la mbinguni, ambalo hakuna mkono wa mtu ndani yake, kama baridi, nzige au upepo. Ukimuuzia ndugu yako matunda yakapatwa na janga, haikuhalalikii kuchukua chochote kwake. Utachukua vipi mali ya ndugu yako bila haki? Ndivyo ilivyo kwa Muslim kutoka kwa Jabir. Imamu Malik aliliwekea kiwango, hasara ifike theluthi. Imamu Shafii, katika kauli yake mpya, aliliona ni jambo la kupendekezwa tu. Angalia lakini kwamba hata pale kadari ilipokuwa peke yake, bila mkosaji, sharia ilimuuliza binadamu: nani abebe hasara hii?

Lau

Kipingamizi cha mwisho cha wasiotaka uchunguzi ni hadithi ya Muslim: likikupata jambo usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, sema Mungu amekadiria na alilotaka amelifanya, kwani “lau” hufungua kazi ya shetani. Huisoma kuanzia katikati. Kabla ya hapo inasema: jitahidi katika linalokunufaisha, mtake Mungu msaada, wala usilemae. Tena Mtume mwenyewe alisema “lau” katika Hija ya Kuaga: lau ningejua mapema nililolijua baadaye nisingekuja na mnyama wa kuchinja. Bukhari ameweka mlango wa “lau” inayoruhusiwa. Inayokatazwa ni ile ya wanafiki wa Uhud, lau wangetutii wasingeuawa: kilio kisichotaka kujifunza kitu. Kuuliza nondo zilikuwa ngapi katika nguzo iliyokatika hakumo humo.

Siku za mwanzo, mfiwa apewe inna lillahi, na dua ya Ummu Salama ya kuombewa ujira katika msiba na badali iliyo bora, na aachwe alie. Mtume alilia juu ya Ibrahim. Uchunguzi una siku yake, na una watu wake.

Uhud ulikuwa na uchunguzi wake. Kabla ya vita, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki ndani ya Madina, mashauriano ndiyo yaliyowatoa nje. Baada ya kuzika 70, aya ya 159 haikufuta mashauriano. Ilimwambia: wasamehe, waombee maghufira, shauriana nao katika mambo, na ukishaazimia mtegemee Mungu. Mwaka wa 5 Hijria, jeshi la Makuraishi na washirika wao, kama watu 10,000, lilipokuja, walishauriana tena, wakaichukua rai ya Salman Mfarisi, wakabaki ndani na kuchimba handaki upande wa kaskazini ambako mji ulikuwa wazi. Sahaba al-Baraa alimwona Mtume akibeba udongo mpaka vumbi limefunika weupe wa tumbo lake, huku akiimba beti za Abdallah bin Rawaha: wallahi, lau si Mwenyezi Mungu tusingeongoka, wala tusingetoa sadaka, wala tusingeswali.